Maji ya moto siku ya Sabato: Kwa nini jua si sawa na moto

KATIKA miji ya Wote, Makindu, Mwingi na Kitui, tangi jeusi la plastiki juu ya paa ni kitu cha kawaida. Maji yaliyomo hupigwa na jua tangu asubuhi, na ifikapo alasiri mtu akifungua mfereji hupata maji vuguvugu bila ya kuwasha moto wala kulipia umeme. Kwa wakazi wengi wa kaunti hizi mbili kavu, hiyo ni baraka ndogo isiyohitaji maelezo. Kwa Myahudi anayeshika sheria ya dini yake, hata hivyo, ni jambo zito. Maji hayo yakitoka mferejini siku ya Sabato, yamepashwa na nini, na ni nani aliyeyapasha?

Swali hilo limejadiliwa na marabi kwa karibu miaka elfu mbili, muda mrefu kabla ya umeme kuvumbuliwa. Wala haliwahusu Wayahudi peke yao. Kitui na Makueni zina Waadventista Wasabato ambao huanza kupumzika jua linapotua Ijumaa, nao huyasoma maandiko yale yale ya Kitabu cha Kutoka yanayowakataza Waisraeli kuwasha moto katika makao yao siku hiyo. Isitoshe, watu wengi wa Ukambani wameajiriwa Nairobi na Mombasa wakiwa wapishi, yaya na wahudumu wa hoteli. Anayemhudumia mwajiri au mgeni Myahudi hukutana na mambo ambayo huenda asielezwe: swichi ya maji ya moto imezimwa tangu Ijumaa, birika kubwa limeachwa likitokota usiku kucha, na mwenye nyumba haombi maji ya kuoga ingawa yaonekana anayatamani. Ni rahisi kudhani kwamba huo ni ushirikina, au kwamba mtu huyo ana kinyongo.

Sivyo. Nyuma ya mambo hayo kuna hoja inayofuatana hatua kwa hatua.

Torati inakataza kazi siku ya saba, lakini haitoi orodha ya kazi zenyewe. Orodha ilitolewa na marabi katika Mishna, mkusanyiko wa sheria uliokamilishwa yapata mwaka wa 200 baada ya Kristo. Humo zimetajwa kazi kuu 39, ambazo kwa mapokeo yao ni zile zilizohitajika katika kuijenga hema ya ibada jangwani. Kuwasha moto ni mojawapo, kuzima moto ni nyingine, na kuoka ni nyingine. Katika kuoka ndimo inamoingia kazi ya kupika, na kwa sheria hii kupika si chakula tu. Maji nayo hupikwa. Maji baridi yakifikia joto linaloufanya mkono ushtuke na kurudi nyuma, yamekwisha kupikwa, hata kama hayajachemka. Marabi wa zama zetu wamejaribu kukigeuza kipimo hicho kuwa nambari, na kiwango kinachotajwa sana ni takriban nyuzi 45 za Selsiasi. Maji yasiyoweza kufika hapo hayahesabiwi kuwa yamepikwa.

Kwa hiyo wanaodhani kwamba Myahudi anauogopa mfereji wa maji ya moto kwa sababu kunawa ni kazi wanakosea. Dini yake yenyewe inamwamuru kunawa mikono kabla ya kula mkate, Sabato au siku nyingine yoyote. Tatizo halimo katika mkono unaofungua mfereji. Limo katika tangi lililo nyuma ya ukuta.

Hita ya kawaida ya umeme ni tangi lililofungwa ambalo hujaa wakati wote. Mtu anapofungua mfereji, maji ya moto hutokea juu ya tangi, na papo hapo maji baridi huingia kwa chini kujaza pengo. Hakuna lita inayotoka bila nyingine kuingia. Lita hiyo iliyoingia hukutana na maji ya moto yaliyosalia na kupashwa mpaka kupita kile kipimo cha mkono. Aliyeiingiza ni nani? Ni yule aliyefungua mfereji. Bila ya kugusa kiberiti, amepika.

Hapa wengi hujitetea kwa kusema kwamba umeme ulizimwa tangu Ijumaa. Utetezi huo hautoshi. Joto lililohifadhiwa ndani ya tangi lilitokana na moto au umeme, nalo bado lina nguvu ya kupika maji mapya. Sheria hukiita kitu cha namna hiyo kizazi cha moto, na kupika kwa kizazi cha moto ni sawa na kupika kwa moto wenyewe.

Wengine hujitetea kwa nia. Mtu ataka maji yatoke, hana haja na yale yanayoingia. Talmud, ambayo ni ufafanuzi mkubwa wa Mishna uliokusanywa huko Babeli, inalijibu dai hilo kwa mfano wa kuku. Mtu anamkata kuku kichwa ili mtoto apate cha kuchezea, kisha anasema hakukusudia kuua. Marabi wanauliza iwapo kuku aweza kupoteza kichwa na kuendelea kuishi. Tokeo lisiloepukika huhesabiwa kuwa limekusudiwa, na kuingia kwa maji baridi katika tangi ni tokeo lisiloepukika.

Shawa ya umeme, ile inayofungwa juu ya bafu na kupasha maji papo hapo, ina shida kubwa zaidi. Imeenea katika nyumba na vyumba vya wageni kote nchini, kwa kuwa bei yake ni nafuu kuliko ya tangi. Ndani yake mna utando wa mpira. Maji yakipita huusukuma utando huo, vyuma viwili hugusana, na waya wa kupashia huwaka hapo hapo. Kuifungua ni kuiwasha. Juu ya hiyo hakuna mjadala miongoni mwa marabi wa Kiorthodoksi. Dawa yake, kwa bahati nzuri, ni rahisi: swichi ya ukutani ikizimwa kabla ya jua la Ijumaa kutua, shawa hiyo hiyo hutoa maji baridi na hakuna sheria iliyovunjwa. Kwa hita ya tangi, baadhi ya watu hufunga vali ya maji baridi siku ya Ijumaa, ila dawa hiyo hufaa pale tu bomba lilipotegwa kwa namna inayoyaruhusu maji kuteremka bila kusukumwa na mengine. Wengi huona afadhali kujaza chupa za chai na birika mapema.

Mabishano haya hayakuanza na mafundi wa mabomba wa leo. Mishna yenyewe inasimulia kisa cha watu wa Tiberia, mji ulio kando ya Ziwa la Galilaya wenye chemchemi za maji ya moto. Watu hao walipitisha bomba la maji baridi ndani ya mfereji wa chemchemi, ili maji yapate joto yakiwa safarini. Hawakuwasha kuni wala kugusa chochote siku ya Sabato. Bomba lilitengenezwa mapema na joto lilitoka ardhini. Hata hivyo marabi waliwakatalia. Maji yaliyopata joto ndani ya bomba siku ya Sabato, walisema, yahesabiwe sawa na maji yaliyopashwa Sabato: ni marufuku kuyaogea na kuyanywa. Pengine huo ndio mtambo wa kwanza wa maji ya moto ya bomba kuwahi kuhukumiwa na mahakama ya kidini.

Kisa cha pili ni cha wahudumu wa hamamu, nacho kinaonyesha jinsi marabi walivyowajua watu wao. Hapo mwanzo, yasema Talmud, watu walikuwa wakioga Sabato kwa maji yaliyopashwa Ijumaa. Wahudumu wakaanza kupasha maji Sabato yenyewe huku wakiapa kwamba ni ya jana. Marabi wakapiga marufuku kuoga kwa maji ya moto, wakaruhusu mtu aketi katika chumba cha mvuke atoke jasho. Watu wakaingia humo, wakaoga kama kawaida, na walipoulizwa wakasema wanatoka jasho tu. Chumba cha mvuke nacho kikapigwa marufuku, ikabaki ruhusa ya chemchemi za Tiberia. Watu wakaoga kwa maji ya moto wa kuni wakidai ni ya chemchemi. Chemchemi zikafungwa pia, yakabaki maji baridi. Hapo umma ukachoka, amri ikawa haishikiki, na marabi wakalegeza kamba: chemchemi zikaruhusiwa tena, lakini mvuke ukabaki marufuku.

Kutokana na historia hiyo, Myahudi anayeshika sheria haogi mwili mzima kwa maji ya moto siku ya Sabato, hata kama maji hayo yalichemshwa Alhamisi na kuwekwa katika chupa isiyopitisha baridi. Anaruhusiwa kunawa uso, mikono na miguu kwa maji yaliyopashwa kabla ya Sabato. Kwa maji baridi hali hutofautiana. Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Mashariki wamezoea kutooga mwili mzima hata kwa maji baridi, ingawa Rabi Moshe Feinstein wa New York, aliyefariki mwaka wa 1986, aliruhusu kwa mtu anayeteswa na joto. Kwa anayeijua Mutomo au Mtito Andei kabla ya mvua za Novemba, ruhusa hiyo si ndogo.

Sasa turudi kwenye jua. Je, jua ni moto?

Kwa sheria hii, la. Talmud inakubaliana kwamba kupika kwa miali ya jua yenyewe kunaruhusiwa siku ya Sabato. Anayeweka yai au chombo cha maji juani mpaka kikapata moto hajavunja chochote. Rashi, mfafanuzi mashuhuri aliyeishi Ufaransa katika karne ya 11, alieleza kwamba kupika juani si desturi ya upishi. Shida huanzia pale kitu kinapopikwa si kwa jua bali kwa kitu kingine kilichopashwa na jua, yaani kizazi cha jua. Hicho marabi walikikataza, si kwa sababu Torati inakikataza, bali kwa hofu kwamba mtazamaji hatatofautisha chuma kilichochomwa na jua na chuma kilichotolewa jikoni. Katazo hilo, basi, lina uzito mdogo kuliko lile la moto.

Mishna hata inataja mchanga. Haifai, yasema, kulifukia yai katika mchanga wa moto au vumbi la barabara ili liive siku ya Sabato. Marabi wawili wa Talmud walitofautiana kuhusu sababu: mmoja alihofia kwamba mtu atazoea na kulifukia yai katika majivu ya moto, wa pili alihofia kwamba akikosa mchanga wa kutosha ataanza kuchimba udongo. Mtu aliyevuka kwa miguu mtupu mchanga wa mto Tiva au Kaiti saa nane za mchana hatashangaa kwamba kuna waliofikiria kupika humo.

Hoja hiyo ya kale ilifufuka Israeli ilipoanza kufunga mitambo ya maji ya jua juu ya mapaa. Vifaa hivyo vilianza kuuzwa huko katika miaka ya hamsini, na baada ya bei ya mafuta kupanda katika miaka ya sabini, sheria ya mwaka wa 1980 ilitaka nyumba mpya za makazi zifungwe mtambo wa namna hiyo. Muundo wake ni sahani nyeusi yenye kioo, mabomba membamba chini ya kioo, na tangi. Kenya nayo ilitoa kanuni mwaka wa 2012 zilizotaka majengo yanayotumia zaidi ya lita 100 za maji ya moto kwa siku yawe na mitambo ya jua, kwa hiyo sura ya mtambo huo si ngeni kwa wasomaji wa hapa.

Marabi waligawanyika. Rabi Ovadia Yosef, aliyekuwa rabi mkuu wa Wasefaradi wa Israeli kuanzia mwaka wa 1973 hadi 1983, aliruhusu kutumia maji ya mtambo wa jua siku ya Sabato. Kwa upande huu husemwa kwamba hata kama joto la tangi ni kizazi cha jua, katazo lake ni la marabi tu. Maji baridi nayo huingia kama tokeo la kando asilolihitaji anayefungua mfereji. Rabi Yitzchak Weiss wa Jerusalem alikataza. Wenye msimamo wake husisitiza kwamba maji hayapigwi na jua moja kwa moja, bali hupashwa na chuma na maji yaliyotangulia, na hicho ndicho hasa kizazi cha jua. Hadi leo familia mbili katika jengo moja zaweza kufuata njia tofauti, kila moja ikimtegemea rabi wake. Pande zote, hata hivyo, zinakubaliana juu ya jambo moja: mtambo ukiwa na msaada wa umeme kwa siku za mawingu, umeme huo sharti uzimwe kabla ya Sabato, na maji yaliyokwisha kupashwa na umeme si ya jua tena.

Kwa mizani hiyo, lile tangi jeusi la Wote liko mahali pazuri kuliko hita ya jumba la ghorofa la Nairobi. Kwanza, halina moto wala umeme. Pili, joto lake mara nyingi ni la uvuguvugu ambao mkono huuvumilia bila kushtuka, na maji yasiyofikia kipimo hayana upishi wa kuhojiwa. Hata bomba lililotandazwa juu ya ardhi, ambalo hutema maji ya kuunguza kwa sekunde chache kisha yakapoa, lingehukumiwa kama kizazi cha jua, si cha moto. Lakini maelezo ya Rashi yanaacha swali gumu. Ikiwa jua liliruhusiwa kwa sababu si desturi kupika nalo, je, ruhusa hiyo itasimama vipi pale kila nyumba itakapopata maji yake ya moto kutoka kwa jua?

Kwa familia nyingi za Kitui na Makueni, mfereji wenyewe ni anasa. Maji huchotwa kisimani au hufukuliwa katika mchanga wa mito ya msimu, hasa panapojengwa mabwawa ya mchanga kama yale yaliyojengwa na jamii zikishirikiana na shirika la Sasol huko Kitui na lile la Utooni upande wa Makueni. Hapo sheria ya Sabato hubana kwa njia nyingine kabisa. Kubeba mzigo mahali pa umma kwa zaidi ya dhiraa nne, yaani kama mita mbili, ni mojawapo ya zile kazi 39. Mtungi wa lita 20 kichwani au mgongoni haupiti, uwe na maji ya moto au baridi. Wala punda hatasaidia: amri ya Sabato katika Kumbukumbu la Torati inamtaja kwa jina miongoni mwa wanaostahili kupumzika. Anayeishi mbali na kisima sharti maji ya siku nzima yawe nyumbani kabla ya jua kutua Ijumaa. Angalau hapa karibu na Ikweta saa yenyewe haimbabaishi mtu, kwani jua hutua muda mfupi baada ya saa kumi na mbili jioni mwaka mzima. Myahudi wa London hulazimika kumaliza matayarisho kabla ya saa kumi jioni mwezi Desemba, na mwezi Juni husubiri mpaka baada ya saa tatu usiku.

Katika Afrika Mashariki wapo ambao haya kwao si nadharia. Nairobi ina jamii ya Kiyahudi tangu mwaka wa 1904, yenye sinagogi katikati ya jiji. Huko Kasuku, Kaunti ya Nyandarua, kuna jamii ndogo ya Wakenya wanaofuata dini hiyo. Walio wengi zaidi wako Uganda mashariki, karibu na Mbale. Hao ni Abayudaya, wafuasi wa njia aliyoianzisha kiongozi Semei Kakungulu mwaka wa 1919. Ibada yao ilipigwa marufuku chini ya Idi Amin, wakaishika kwa siri hadi alipoanguka mwaka wa 1979. Rabi wao, Gershom Sizomu, alipata daraja hiyo Marekani mwaka wa 2008. Katika vijiji ambako maji hubebwa na kuni ndizo nishati, Sabato hutayarishwa kwa kuni na mitungi kabla ya kufikiriwa vali na swichi.

Waadventista, kwa upande wao, hawafungwi na Mishna wala Talmud. Ijumaa kwao ni siku ya maandalio, chakula hupikwa na nguo hunyooshwa mapema, lakini kupasha chakula au maji ya kuoga asubuhi ya Sabato kwa kawaida si kosa. Wanaanzia andiko moja na Wayahudi, kisha njia zinaachana: kundi moja linauliza iwapo shughuli hii inaivuruga ibada, jingine linauliza iwapo kitendo hiki ni mojawapo ya kazi 39.

Linabaki suala la mfanyakazi asiye Myahudi. Watu wengi hudhani kwamba mwajiri aweza kumtuma tu afungue mfereji. Haruhusiwi. Asilolifanya mwenyewe Sabato hawezi kumwagiza mwingine amfanyie, hata kama agizo lilitolewa Ijumaa. Ila sheria hutazama kazi imefanywa kwa faida ya nani. Mishna inatoa mfano ambao mfugaji wa Kitui atauelewa mara moja. Mtu asiye Myahudi akichota maji kumnywesha mnyama wake mwenyewe, Myahudi aweza kumnywesha wa kwake kwa maji yaliyobaki. Akiyachota kwa ajili ya Myahudi, hayafai. Vivyo hivyo, yaya aliyeambiwa aoshe vyombo, naye kwa hiari yake akachagua maji ya moto kwa kuwa mafuta yanaganda, amejirahisishia kazi yake mwenyewe. Mwajiri hakutenda kosa.

Baridi kali nayo ina hukumu yake. Marabi walisema kwamba mbele ya baridi watu wote ni wagonjwa, na kwa ajili ya mgonjwa asiye hatarini asiye Myahudi aweza kuombwa awashe moto. Mtu aliyelala katika milima ya Mbooni au Kilungu mwezi Julai ataelewa kwamba hata Ukambani hukumu hiyo ina mahali pake.

Maisha yakiwa hatarini, makatazo yote yaliyoelezwa hapa huwekwa kando. Mama akishikwa na uchungu wa kuzaa Sabato, moto huwashwa, maji huchemshwa na mkunga huitwa hata kutoka mbali. Anayefanya haraka husifiwa, na anayekwenda kwanza kumuuliza rabi hulaumiwa kwa kupoteza wakati. Kwa siku tatu za kwanza baada ya kujifungua, mama hutendewa hayo hata kama yeye mwenyewe anasema hahitaji. Kuanzia siku ya tatu hadi ya saba, makatazo bado huvunjwa kwa ajili yake, isipokuwa akisema kwamba hahitaji. Kuanzia hapo mpaka siku ya 30 huhesabiwa kuwa mgonjwa asiye hatarini, na mahitaji yake hutimizwa na asiye Myahudi. Katika siku hizo, yaya kutoka Makueni aweza kuombwa waziwazi, bila mafumbo, ateleke maji.